Sentensi Isiyotaka Kwisha: Sarufi na Maudhui katika Hadithi Moja ya Kikorea

Tunapohakiki kazi ya fasihi tuna mazoea ya kutenga fani na maudhui kama mtu anayevunja nazi: maji huku, nyama kule. Sarufi ndiyo kabisa, tunawaachia watu wa isimu. Makala haya yanadai kuwa ipo hadithi ambayo sarufi yake ndiyo maudhui yenyewe.

Nayo ni "Mwenye Bangnanjang" ya Mkorea Park Taewon, iliyotoka mwaka 1936, Korea ikiwa chini ya utawala wa Wajapani. Hadithi fupi nzima ni sentensi moja tu! Mchoraji kijana amefungua mkahawa, biashara imedorora, madeni yanamwandama, na msichana anayemfanyia kazi hana cha kumlipa. Kuamua afanye nini, hawezi.

Hivi sentensi moja inabebaje yote hayo? Siri imo katika viambishi tamati. Kitenzi cha Kikorea hukaa mwisho wa kishazi, na kikitaka kuungana na kishazi kinachofuata hubadilisha mkia wake. Mkia -go huongeza jambo, -jiman hupinga, -daga huonyesha tendo lililokatizwa na jingine, -neunde hutandika mkeka tu, jambo lenyewe laja. Hata sababu ina mikia zaidi ya mmoja. "Biga waseo" na "biga onikka" zote ni "kwa kuwa mvua inanyesha", ila ukitaka kumwambia mtu achukue mwavuli, ya pili ndiyo inayofaa.

Msomaji ataniuliza: mbona na sisi tunazo -ki- na -ka-? Kweli tunazo. Kazi ya -ki- yetu, sharti na matendo ya pamoja, Wakorea wameigawa kati ya -myeon na -myeonseo. Lakini itazame -ka-: "Alifika, akakaa, akaagiza chai." Njeo tumeitaja mwanzoni, vitenzi vingine vinaiazima. Kwa -go mambo huwa kinyume: mara nyingi njeo, pamoja na heshima kwa msikilizaji, husubiri kitenzi cha mwisho kabisa. Sisi tunalipa nauli tukipanda, wao wanalipa wakishuka.

Hapo ndipo Park alipofaulu. Mwenye mkahawa ni mtu wa "bado": kila jambo lake linaning'inia kwenye jingine. Msomaji naye ananing'inizwa, akiingoja nukta. Inapofika, mtu yule yuko peke yake uwandani wakati wa machweo, na upweke wake unatuangukia sisi pia.

Dosari haikosi. Kitenzi cha Kikorea hakina kiambishi cha mtenda kama a- yetu, na katika sentensi ndefu hivi msomaji mara nyingine hupapasa: nani tena huyu?

Je, mfasiri wa Kiswahili aikate vipande? Wapo wenzetu watakaosema ndiyo, eti msomaji asichoke. La hasha! Akiikata atatuletea kisa, hadithi ataiacha Seoul. Atumie -ka-, -ki-, "huku", "ilhali", "hata". Akishindwa, ashindwe akijaribu. Na sisi wahakiki tuache kuandika "mwandishi ametumia lugha nyepesi" kisha tukaweka nukta, kana kwamba kazi imekwisha.