Huyo Anaumwa Wapi?

Siku niliyoweka albamu ya Lord Spikeheart, mwimbaji wa muziki wa metali, jikoni kwetu Sigowet, Kericho, Kogo, yaani nyanya yangu, aliacha kuchambua maharagwe, akasikiliza dakika nzima, kisha akauliza, "Huyo anaumwa wapi?"

Haumwi popote, na hapo ndipo ulipo ufundi wake. Anayeunguruma huku koo likimchoma bado hajajua kazi. Juu ya nyuzi za sauti tunazozungumzia kila siku kuna mikunjo mingine miwili, ile inayojifunga ukikohoa au ukijitwika gunia. Mwimbaji wa metali hujifunza kuitikisa hiyo bila kuzikaba zile za chini, na pumzi anayotumia ni ndogo mno. Kijana mmoja mchuma chai wa hapa, ambaye anajifundisha, aliniambia niweke kiganja mbele ya mdomo wake. Nilitarajia upepo. Nikapata joto kidogo tu, kama la mtu anayehemea miwani apate kuifuta, na huku sauti yenyewe ni lori la majani likipanda mlima kwa gia ya kwanza. Kogo akaita kutoka nje: "Mnachinja nini huko?"

Lord Spikeheart ni Martin Khanja. Mwaka 2019 yeye na Sam Karugu, waliokuwa katika bendi za metali za Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura, waliunda Duma. Sisi tukisikia jina hilo tunamwona mnyama mwenye mbio; wao walilitoa kwenye neno la Kikikuyu la giza. Walirekodi Kampala, kwenye studio za Nyege Nyege, albamu ikatoka 2020. Hii ya jikoni kwetu ni The Adept ya 2024, ya Khanja peke yake, aliyoitoa kwa heshima ya Muthoni wa Kirima, jemadari wa Mau Mau aliyefariki 2023. Ninachokipenda zaidi ni jinsi anavyoshuka kutoka mlio mwembamba hadi ngurumo ya tumboni, na midomo bado inachonga maneno. Wengi wakifika chini huko hubaki na mvumo mtupu.

Nina lalamiko moja. Mimi ni mtu wa metali ya zamani: Reign in Blood ya Slayer, 1986, nyimbo 10 ndani ya dakika 29 hivi, Dave Lombardo akikimbiza miguu yake miwili, au Scream Bloody Gore ya Death, mwaka uliofuata. Kwenye rekodi hizo unasikia mwili ukifanya kazi, paja linaloelekea kuchoka. Ngoma za Duma ni za mashine, na mashine haina paja. Kwa muda mrefu niliona ni kama kudanganya mtihani. Kisha alasiri moja ikatupiga mvua ya mawe, mabati yakapokea mapigo mengi kiasi kwamba hayakuhesabika tena, yakawa ukuta mmoja wa sauti, nikaelewa Karugu alikuwa akitafuta nini. Ila nilielewa peke yangu. Kogo alikuwa mlangoni akiyatazama majani ya chai yakichanika.

Nyanda hizi zimewahi kupokea muziki wa mbali na kuufanya wao. Huko Kapkatet, mwaka 1950, Hugh Tracey alirekodi wasichana wa Kipsigis wakimwimbia Chemirocha, nusu mtu nusu paa. Walikuwa wamemsikia Jimmie Rodgers wa Marekani kwenye santuri, na jina lake ndilo likageuka Chemirocha.

Yule kijana hufanya mazoezi jioni, akisubiri lori kwenye kituo cha kununulia majani, kikapu kikiwa kimeshapimwa. Jana alipanda juu mno, sauti ikakatika, akakohoa. Akanywa maji, akaweka mkono tumboni, akaanza tena, chini kidogo.