Ng'ombe Mkubwa, Mtu Mdogo

Ukisoma chochote kuhusu Laas Geel, utaambiwa kwamba iligunduliwa mwaka 2002. Kundi la watafiti kutoka Ufaransa, likiongozwa na mwanaakiolojia Xavier Gutherz, lilikuwa Somaliland likitafuta dalili za mwanzo wa ufugaji. Wakafika kwenye mapango yaliyojaa michoro, dunia ikashangaa, na hadithi ikaanzia hapo.

Mimi nina ugomvi na hilo neno "iligunduliwa". Wafugaji wa pale walikuwa wanapajua. Wengine walipakwepa kabisa wakisema pana majini. Sasa, mtu huwezi kukwepa mahali ambapo hujui kama papo.

Lakini ugomvi wangu mkubwa ni mwingine. Watu wameandika sana kuhusu umri wa michoro hii, ambayo inakadiriwa kuwa na miaka kama 5,000. Wameandika jinsi rangi zake zilivyobaki kali. Ni wachache wanaoiangalia kama kazi ya mtu aliyeamua achore nini na aache nini. Inasifiwa kwa kuwa mizee tu, kama vile tunavyosifu wazee bila kusikiliza wanachosema.

Nilienda kuiona. Kutoka Hargeisa ni kama kilomita 50 kwa barabara ya Berbera, halafu unaingia njia ya vumbi. Mtu wa Garissa hashangai sana: jua ni lile lile, miiba ni ile ile, na kilima chenyewe kiko pale laga mbili zinapokutana. Tofauti ni mawe. Kwetu ni tambarare na mchanga mpaka macho yachoke. Kule kuna miamba ya graniti yenye vibanda vya asili, na ukiinua kichwa, dari lote ni ng'ombe.

Tuanze na ng'ombe basi. Mwili umechorwa kwa ubavu, lakini pembe zimechorwa kama unaziona kutoka juu, zimejipinda kama mikono inayoomba dua. Kichwa ni kidogo, karibu hakipo. Shingo ndiyo imepewa kazi yote: imenenepeshwa, imejazwa milia ya nyekundu na nyeupe, kama imevalishwa nguo ya arusi. Kiwele kinaonekana wazi. Halafu kuna mtu. Yuko kando ya ng'ombe au chini yake, mikono ameinyoosha, na ni mdogo kiasi kwamba unaweza kumpita usimwone.

Wengi wakiona hivyo wanasema: dini, waliabudu ng'ombe. Inawezekana. Ila mimi nimekulia karibu na soko la mifugo la Garissa, moja ya masoko makubwa ya mifugo Kenya, na macho ya kule nayajua. Dalali akisimama mbele ya mnyama hamwangalii mwenye mnyama. Anaanza na shingo, anashuka kifuani, anarudi nyuma kwenye nyonga na kiwele. Uso wa ng'ombe hauna habari nyingi kwake. Yule mchoraji amepanga vitu kwa mpangilio huo huo: kinachobeba uhai kikubwa, kisichobeba kidogo. Na binadamu akajiweka chini, maana bila maziwa yeye si kitu. Huo ni msimamo kuhusu maisha, na umechorwa na mtu aliyejua anachosema.

Hapa lazima nijizuie, kwa sababu ni rahisi kuruka na kusema "hawa ni babu zetu". Jina lenyewe linakataa. Kwa Kisomali, Laas Geel ni kisima cha ngamia. Lakini ngamia siye anayetawala pale; anayetawala ni ng'ombe. Jina liliwekwa na watu waliokuja baadaye sana, wenye mnyama mwingine, nchi ikiwa imekauka zaidi. Kati ya jina na mchoro kuna mabadiliko ya hali ya hewa ya maelfu ya miaka. Sisi ni watu wa jina, si watu wa mchoro.

Je, waliokuja baadaye wafanye nini na kitu walichokikuta? India kuna mfano mzuri: Bhimbetka, mapango ya Madhya Pradesh yaliyoingia orodha ya UNESCO mwaka 2003. Mtafiti V. S. Wakankar alipofika mwaka 1957, mahali palikuwa na jina tayari, la Bhima, shujaa wa utenzi wa Mahabharata. Michoro mingi pale ni mizee kuliko utenzi huo. Wahindu waliikuta, wakaipa mahali nafasi ndani ya hadithi yao, wakaendelea kuishi nayo. Sisi tuliweka majini. Kijana wa kwetu akiuliza, anaambiwa hayo ni mambo ya kabla ya Uislamu, achana nayo. Lakini ng'ombe hakusilimu wala hakukufuru. Ni ng'ombe.

Na UNESCO? Laas Geel haimo kwenye orodha. Somaliland ilijitangaza huru mwaka 1991 na nchi nyingi hazijaitambua. Somalia nayo iliridhia mkataba wa urithi wa dunia mwaka 2020 tu. Siasa zikibishana, maji yanachuruzika mwambani na ndege wanajisaidia juu ya rangi.

Ndiyo maana hoja ya Sada Mire, mwanaakiolojia Msomali, inanigusa. Anasema Wasomali urithi wao wameutunza zaidi kama maarifa kuliko kama vitu. Hoja hiyo inafariji, na pia inatisha. Jiwe lina miaka 5,000 bado linaongea. Maarifa yanakufa na mtu mmoja. Kati ya 2020 na 2022 mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo huku kwetu, na familia nyingi zilibaki na ngozi na mifupa. Mifugo ikienda, maneno yake yanafuata: jina la kila rangi, la kila umbo la pembe, la kila tabia ya kukataa kukamwa. Hayo maneno ndiyo lugha ya uhakiki wa Laas Geel. Bila hayo tutabaki kusema "wow" na kupiga selfi.

Kwa hivyo kabla ya kutafuta pesa ya tiketi ya Hargeisa, kaa na ayeyo wako, awe Balambala, Masalani au Eastleigh. Mwonyeshe picha za mapango kwenye simu. Usimwambie ni za miaka mingapi. Muulize tu: huyu ng'ombe ni wa aina gani, na ana maziwa au hana? Halafu andika anachosema.