Sauti Iliyojitaja Jina

Wiki chache zilizopita nilimsikia kijana mmoja redioni akisoma habari za ajali ya basi. Alitaja idadi ya waliofariki, akakosea jina la wilaya, akalirudia huku akicheka, na kabla sentensi haijatulia akafungulia muziki wa tangazo la biashara. Simtaji, wala sikitaji kituo chake, kwa sababu angeweza kuwa mwingine yeyote na kituo kingine chochote. Nilizima redio. Nilichokuwa nakifikiria ni watu wa wilaya ile, ambao huenda saa hiyohiyo walikuwa wamekizunguka chombo wakisubiri kujua kama ndugu zao wamo.

Sisi tuliolelewa na redio tunaujua uzito wa jambo hili. Zilipolia ngoma za Mzee Morris Nyunyusa kabla ya taarifa ya habari ya Radio Tanzania, nyumba nzima ilinyamaza. Mzee yule hakuwa na macho ya kuona, lakini alizipiga ngoma nyingi peke yake kwa wakati mmoja, wala hapakuwa na mtoto wa nchi hii ambaye hakuujua mlio ule. Ukishalia, unajua anayefuata kusema amejiandaa. Novemba 1978, Mwalimu Nyerere alipotangaza redioni kwamba Idi Amin ametuvamia huko Kagera na kwamba tutampiga, watu walisimama kuizunguka redio moja mtaa mzima, na hakuna aliyehitaji kuuliza mara mbili kimesemwa nini.

Ufundi huo una asili yake. Kila ninapoutafuta, najikuta nimerudi London, katika vita vikuu vya pili vya dunia, hasa mwaka 1941. Nadhani hakuna wakati ambapo redio ilibanwa kufanya kazi yake kwa uangalifu kama wakati ule, wala siku ya matangazo iliyopangwa kwa kumjali msikilizaji kama siku moja ya BBC ya mwaka ule.

Siku ilianza na mazoezi ya viungo kabla ya watu kunywa chai, kisha maneno machache ya kuinua moyo kwa imani, kisha habari. Saa mbili na robo asubuhi kilikuja kipindi cha jikoni cha dakika 5, kilichoanza Juni 1940. Saa ile ilichaguliwa kwa akili: mama wa nyumba ameshawalisha watoto na bado hajaenda sokoni. Sukari, siagi na nyama vilikuwa vinatolewa kwa mgawo, kwa hiyo watangazaji walimweleza namna ya kufanya viazi na karoti vishibishe familia. Mara nyingine waliitwa ndugu wawili wachekeshaji, Elsie na Doris Waters, waliojulikana hewani kama Gert na Daisy, wakatoa mapishi huku wakibishana kama majirani uani. Dakika 5 tu, na hakuna neno lililopotea. Leo tunapewa saa 3 za asubuhi, na ukimaliza kuzisikiliza huna unalolikumbuka.

Jambo moja halikuwemo siku nzima: hali ya hewa. Utabiri ulinyamazishwa tangu vita vilipoanza Septemba 1939, maana habari za mawingu juu ya Uingereza zingewafaa marubani wa Ujerumani. Kila kitakachosemwa kiliandikwa kwanza, kikapitiwa, na hewani alikuwepo mtu ambaye kazi yake ilikuwa kukaa karibu na swichi ili aikate sauti ya yeyote atakayetoka nje ya alichoandikiwa. Mimi si mpenzi wa udhibiti, na nchi zetu zimeuonja vya kutosha. Lakini kuandika kabla ya kusema ni jambo jingine kabisa, na tulipoutupa udhibiti tuliyatupa na maandishi.

Saa nne na nusu asubuhi, na tena saa tisa alasiri, muziki ulipelekwa viwandani kwa nusu saa. Kipindi hiki kilianza Juni 1940, na kwa mtu anayependa kazi nzuri ni raha kuzisoma habari zake. Vipaza sauti vilifungwa katika karakana za kutengeneza ndege na mabomu, na mpanga muziki alilazimika kujiuliza: mwanamke aliyesimama kwenye mashine tangu alfajiri anahitaji nini sasa hivi? Nyimbo za polepole za kuliwaza ziliondolewa, kwa kuwa zilileta usingizi. Mpiga ngoma alikatazwa ule mpigo mkali wa ukingoni unaofanana na mlio wa bunduki. Baadaye ulikuja wimbo mmoja wa Kimarekani ambao kila mtu aliupenda, una mahali pa kupiga makofi katikati ya mstari, nao ukazuiwa kupigwa katika kipindi hicho, kwa hofu kwamba wafanyakazi wangeziacha kazi wagonge vyuma kufuata mdundo. Maneno ya mtangazaji yalikuwa machache mno. Hakuja kuongea juu ya sauti ya mwimbaji, hakujisifu, hakumkatiza mtu wimbo wake. Nani leo anayepanga muziki wa redio akimfikiria fundi cherehani, dereva wa lori la usiku, au mama anayekaanga vitumbua?

Watoto walikuwa na saa yao jioni. Ilikuwa katika kipindi hichohicho, Oktoba 1940, ambapo Elizabeth, wakati huo binti wa mfalme mwenye umri wa miaka 14, alisema hewani kwa mara ya kwanza, akiwapa pole watoto waliotenganishwa na wazazi wao kwa sababu ya mabomu. Usiku ulikuwa na vichekesho, na mashuhuri kuliko vyote kilikuwa kipindi cha Tommy Handley, kilichoandikwa na Ted Kavanagh, ambacho mwaka 1941 kilirushwa kutoka mji mdogo wa Bangor, Wales, kwa sababu idara ya burudani ilikwisha kuhamishwa kukimbia mabomu. Na Novemba mwaka ule mwimbaji Vera Lynn akapewa kipindi cha kuimba na kupeleka ujumbe wa wake na wachumba kwa askari waliokuwa mbali. Wakubwa fulani walinung'unika kwamba nyimbo laini zitawalegeza askari, lakini askari wenyewe walimtaka. Kila mzee aliyewahi kutuma kadi ya salamu redioni anaelewa ni kwa nini.

Lakini kilichonileta hapa ni taarifa ya habari ya saa tatu usiku.

Tangu Novemba 1940, kengele ya Big Ben ilipigwa kwanza, na kwa muda wa dakika moja watu waliombwa wawakumbuke kimya walio vitani. Kisha sauti ikasema kwamba hii ni taarifa ya habari, na anayeisoma ni fulani. Hapo mwanzo wasomaji wa BBC hawakujitaja kamwe, kwa kuwa waliamini habari ni kubwa kuliko msomaji. Kilichowalazimu ni vita. Kufikia kiangazi cha 1940 Ujerumani ilikuwa imeteka nchi moja baada ya nyingine pamoja na vituo vyake vya redio, na kutoka Hamburg mtu aitwaye William Joyce alikuwa akiwahutubia Waingereza kwa lugha yao wenyewe ili awakatishe tamaa. Je, siku moja sauti ngeni ikijifanya ya London ikatangaza kwamba nchi imesalimu amri? Dawa ilikuwa moja: wananchi wawajue wasomaji wao kwa jina na kwa sauti, mpaka mwongo akifungua mdomo atambulike. Ndipo Alvar Lidell, Frank Phillips na Bruce Belfrage wakawa watu wa nyumbani. Mwaka 1941 akaongezwa Wilfred Pickles wa Yorkshire, na lafudhi yake ya kaskazini iliwaudhi wengi waliodhani habari ni mali ya lafudhi moja.

Usiku wa Oktoba 15, 1940, bomu lilipenya dirishani kwenye jengo la Broadcasting House, likatulia ndani bila kulipuka. Muda mfupi baada ya saa tatu, Belfrage akiwa katikati ya kusoma, likalipuka. Watu 7 wa BBC walikufa. Waliokuwa wakisikiliza majumbani walisikia kishindo kizito cha mbali, kimya kifupi, mnong'ono, kisha Belfrage akaendelea na sentensi yake. Karatasi mbele yake zilikuwa zimetapakaa vumbi la dari. Wasikilizaji hawakuambiwa kilichotokea, na wala sauti yake haikuwaambia.

Wengi husimulia kisa hiki wakausifu ujasiri, na ni haki yake. Mimi namwona zaidi fundi. Mtu ambaye hakuisoma taarifa yake kabla hawezi kuirudia sentensi aliyokatizwa na bomu. Alijua sentensi inaanzia wapi, inapumzika wapi, na inakwenda kuishia wapi. BBC ilikuwa pia na watu maalumu ambao kazi yao ilikuwa kutafuta matamshi sahihi ya majina: mji wa Urusi uliozingirwa leo, kijiji cha Libya kilichotwaliwa jana, jenerali wa Ugiriki. Kwa mama ambaye mwanawe yuko Libya, jina la kijiji lililoharibiwa ni sawa na habari ambayo hakupewa.

Usiku ulipozidi, kazi ilihamia Bush House, jengo ambalo idhaa za Ulaya zilihamia mwaka 1941, na ambalo miaka mingi baadaye lilikuwa makao ya Idhaa ya Kiswahili iliyoanzishwa 1957. Wasikilizaji wetu walilijua jina la Bush House kama wanavyolijua la mtaa wao. Usiku wa vita, kutoka mle, zilitoka lugha za nchi zilizotekwa. Huko kusikiliza London kulikuwa kosa. Norway redio zilinyang'anywa mwaka 1941, Uholanzi mwaka 1943, na ndani ya Ujerumani mtu aliyesambaza habari za redio za kigeni aliweza kuuawa. Kwa hiyo msomaji alisema na mtu aliyejificha darini, sikio limegusa chombo, sauti imeshushwa, adui akivuruga mawimbi makusudi. Zilikuwepo taarifa zilizosomwa polepole kwa mwendo wa imla, ili mwandishi wa gazeti la siri anakili neno kwa neno gizani. Fikiria uvumilivu wa kusoma hivyo, ukijua kwamba herufi moja ikikosewa, huyo ndugu ameyahatarisha maisha yake kwa kuandika uongo.

Kabla ya sauti hizo ulitangulia mlio wa ngoma: mipigo mitatu mifupi na mmoja mrefu, herufi V kwa mpangilio wa Morse, ishara ya ushindi. Aliyeipiga alikuwa James Blades, Mwingereza, naye aliupata mlio ule kwenye ngoma ya ngozi kutoka Afrika. Ulirushwa mara nyingi kwa siku, na Ulaya iliyotekwa ikaanza kuugonga mezani na milangoni. Nilipolijua hili nilimkumbuka Mzee Nyunyusa, nikafurahi sana.

Sisahau kwamba redio ile ilikuwa pia ya dola lililotutawala. Iliwatangazia uhuru Wafaransa na Wanorwe huku sisi tukiwa chini ya bendera yake, na askari wetu wa KAR (King's African Rifles) wakienda kufa Uhabeshi na Burma. Lakini ufundi hauna mwenyewe. Dar es Salaam iliutumia vizuri zaidi, ilipowafungulia studio wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika wazungumze na ndugu zao waliokuwa wakisikiliza kwa kujificha vilevile.

Sehemu kubwa ya matangazo ya siku zile imepotea. Hata hotuba ya Jenerali de Gaulle wa Ufaransa ya Juni 18, 1940 haikurekodiwa. Walijua maneno yao yatapita mara moja tu, basi wakayatengeneza yafae mara hiyo moja. Sisi tuna kompyuta za kuhifadhi kila kikohozi cha studio, na tumeacha kuandaa. Tumewaajiri vijana wenye sauti nzuri, tukawakabidhi kipaza sauti na simu, hatukuwapa mhariri wala mwalimu, halafu tunawalaumu. Mimi siwalaumu wao kwanza. Waliokuwa na ujuzi huo wamestaafu, wengine wametangulia mbele ya haki, na ni wachache walioitwa kurudi kufundisha.

Wenye vituo, waiteni waliobaki wangali hai. Mpeni msomaji habari nusu saa kabla ya kuingia hewani, karatasi iliyoandikwa vizuri, na mtu mzima mmoja wa kumsikiliza akiisoma kwa sauti na kumsahihisha majina. Hakuna mtambo wa kununua hapo.