Mshindani Wako West Point Ni Nani?

Mzazi ambaye mtoto wake anatamani West Point huanza na asilimia. Amesikia kwamba waombaji ni maelfu na wanaoingia kila mwaka ni kama 1,200, anagawanya, anapata tarakimu ndogo, na moyo unaingia baridi. Hesabu yake haina kosa, ila haimhusu mtoto wake. Chuo hiki cha maafisa wa jeshi la nchi kavu la Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1802 kando ya mto Hudson, hakiwapangi waombaji wote kwenye foleni moja. Kuna foleni ndogo mamia kadhaa, na kijana anaweza kuongoza hii na kuwa wa kumi katika ile akiwa na alama zilezile. Vijana wazuri hukata tamaa kwa kutolijua jambo hili, na wengine hujiamini kupita kiasi kwa sababu hiyohiyo.

Tuanze na faili lenyewe. Chuo humpa kila mwombaji alama moja ya jumla yenye mafungu matatu. Masomo huchukua asilimia 60: matokeo ya mtihani wa SAT au ACT pamoja na nafasi yake darasani. Uongozi huchukua 30, na hapo huhesabiwa unahodha wa timu, vyeo vya shuleni, michezo, na tathmini za walimu wa hesabu, Kiingereza na sayansi. Nguvu za mwili huchukua 10, kupitia jaribio la vipengele sita: kurusha mpira wa kikapu ukiwa umepiga magoti, kujivuta kwenye chuma, kukimbia kwenda na kurudi, mazoezi ya tumbo, pushapu, na mbio za maili moja.

Wengi wakiona hiyo 10 huidharau, na hapo huumia. Jaribio la mwili lina kazi mbili. Linaongeza alama, na pia ni kizingiti: asiyelipita hahesabiwi kuwa amehitimu, yaani amekidhi masharti ya kuingia, hata kama masomo yake yanang'aa. Uchunguzi wa afya nao hauongezi hata alama moja, lakini unaweza kufunga kila kitu. Pumu iliyoonekana baada ya kutimiza miaka 13, kwa mfano, humwondoa mwombaji mpaka apewe idhini maalumu, na idhini hiyo haiombwi na mzazi wala daktari wa familia. Chuo chenyewe ndicho huiomba, kikiona kijana anafaa kupiganiwa. Kwa hiyo alama nzuri humsaidia hata mbele ya madaktari.

Sasa tufike kwenye foleni, maana hapa ndipo matumaini ya mtu hupimwa. Sheria inamtaka mwombaji awe na pendekezo. Kila mbunge wa Baraza la Wawakilishi na kila seneta anaruhusiwa kuwa na makadeti watano chuoni kwa wakati mmoja wanaohesabiwa kwa jina lake. Watano kwa kozi ya miaka minne maana yake ni kwamba, mambo yakienda sawa, miaka mitatu atakuwa na nafasi moja na mwaka mmoja nafasi mbili. Kwa kila nafasi hupeleka orodha ya majina, na orodha hizo hufungwa tarehe 31 Januari.

Mbunge ana njia tatu za kuandika orodha hiyo. Anaweza kuacha majina bila mpangilio, chuo kikamchukua mwenye alama ya juu kati ya waliohitimu. Anaweza kumtaja mmoja kuwa chaguo lake la kwanza na kuwaacha wengine washindane nyuma yake. Au anawapanga wote kwa namba, wa kwanza hadi wa mwisho. Katika njia hizo mbili za mwisho, chaguo la kwanza akivuka vizingiti vyote, nafasi ni yake, hata kama aliyeandikwa chini yake ana alama kubwa zaidi. Naona hili ndilo jambo zito kuliko yote katika tathmini hii, na ajabu ni kwamba watu wachache huliuliza.

Tuchukue kijana wa kubuni. Yuko ndani ya kumi bora kati ya kila wanafunzi mia shuleni kwake, SAT yake ni nzuri bila kuwa ya kutisha, ni nahodha wa timu ya riadha, afya haina doa. Mweke kaskazini mwa Virginia, karibu na Pentagon, ambako nyumba nyingi zina mwanajeshi na watoto wamelelewa wakilijua jina la West Point. Atakutana na majirani wenye faili kama lake au zaidi, wote wakigombea nafasi moja. Mhamishie eneo la mashambani ambako wanaoomba kwa mbunge ni wachache na baadhi yao wataangushwa na jaribio la mwili au na daktari. Kijana ni yuleyule, lakini huku anaweza kushinda orodha. Anayetoa asilimia moja kwa pande zote mbili anabahatisha.

Kule Virginia safari haijaisha. Waliohitimu lakini hawakushinda orodha zao huingia kwenye orodha ya taifa. Fungu la kwanza hapo huchukuliwa kwa kufuata alama tu, kutoka juu kwenda chini. Baada yake uongozi wa chuo hupata uhuru wa kuchagua kulingana na mahitaji ya darasa. Kwa hiyo kijana wa eneo gumu anahitaji alama ya kushindana na nchi nzima, ilhali wa eneo jepesi anahitaji kuhitimu na kuwapita wachache wa kwao. Ndiyo sababu nasisitiza milango yote igongwe: mwakilishi, maseneta wote wawili, na makamu wa rais, ambaye naye ana nafasi zake.

Upo mlango mwingine unaowahusu moja kwa moja ndugu zetu wazungumzao Kiswahili walioko katika jeshi la Marekani. Mtoto ambaye mzazi wake amelitumikia jeshi la Marekani kwa miaka minane mfululizo anastahili pendekezo la rais. Kila mwenye sifa hupewa, kisha nafasi 100 kwa mwaka hushindaniwa kwa alama. Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha za MAVNI, ule mpango uliowaruhusu wageni wenye ujuzi wa lugha kujiunga na jeshi na kupata uraia. Waliopita njia hiyo na kubaki kazini wafungue kalenda wahesabu miaka yao. Mtoto wao lazima awe raia, asiwe ameoa wala kuolewa, na asiwe na mtoto anayemtegemea kisheria.

Kwa kijana aliyeko Nairobi au Dodoma hesabu ni nyingine kabisa. Sheria inaruhusu wanafunzi wa kigeni hadi 60 kwa wakati mmoja, na jina lake lazima lipelekwe na serikali yake baada ya mwaliko kupitia ubalozi wa Marekani. Hun Manet wa Kambodia alihitimu kwa njia hiyo mwaka 1999, akarudi kulitumikia jeshi la kwao. Huko mchujo halisi hufanyika nyumbani, kabla West Point haijaliona faili.

Mzazi aliyeko Marekani akitaka jibu la kweli, apige simu ofisi ya mbunge wake mwanawe akiwa bado mwaka wa tatu wa sekondari. Aulize kuna nafasi ngapi mwaka huo, na orodha huandikwa kwa njia ipi kati ya zile tatu. Majibu hayo mawili yatamfaa kuliko takwimu yoyote ya taifa. Na asiyepata mara ya kwanza bado ana muda, maana kwa muda mrefu kikomo cha umri kimekuwa kutotimiza miaka 23 ifikapo Julai 1 ya kuingia. Wapo wanaopelekwa kwanza katika shule ya maandalizi ya chuo kwa mwaka mmoja. Wengine huanza chuo kikuu cha kawaida na kuomba tena, na safari hii faili lina alama za hesabu na kemia za ngazi ya chuo, ambazo kamati haikuwa nazo mwaka uliopita.