Amplifaya Iliyosahauliwa Usingizini

Mwalimu mmoja rafiki yangu hufundisha wageni Kiswahili kupitia intaneti, na kila asubuhi laptop yake ilikuwa bubu. Usiku huifunika tu bila kuizima. Asubuhi akiifunua, kila kitu kinaamka pale kilipolala: kurasa zilezile, barua ileile iliyoachwa katikati. Sauti tu ndiyo haipo. Akiizima na kuiwasha upya inarudi, lakini hapo mwanafunzi wa saa moja kamili ameshamsubiri dakika tano. Kabla hajanipigia, fundi mmoja alikuwa amembadilishia spika, na kesho yake kimya kilikuwa kilekile.

Spika hizo mpya ndizo zilizonipa pa kuanzia. Spika iliyokufa haifufuki kwa kuwasha kompyuta upya. Kama kuwasha upya kunaiponya, basi kuna kitu kizima ambacho hakikuamrishwa kufanya kazi.

“Usiizime,” nikamwambia. “Nije niikute hivyohivyo.”

“Kaka, nina kipindi saa nne.”

“Tumia simu leo, mwalimu. Ukiizima utapata sauti, lakini mimi sitakuwa na cha kuchunguza.”

Nakazia jambo hili kwa sababu ndilo linalowapotezea watu siku nyingi. Kuwasha upya kunafuta ushahidi.

Sauti hupita ngazi kadhaa kabla ya kufika sikioni. Programu huikabidhi kwa seva ya sauti; laptop hii ilitumia Linux, na seva yake ilikuwa PipeWire, ileile ambayo Fedora iliifanya chaguo lake la kawaida mwaka 2021. Seva huipa draiva, draiva huipa kodeki, yaani chipu inayogeuza namba kuwa mawimbi ya umeme, kisha amplifaya huyakuza mawimbi hayo mpaka yaweze kusukuma spika. Nikacheza wimbo. Kipimo cha sauti kilipanda na kushuka kama kawaida, na njia iliyochaguliwa ilikuwa spika za ndani. Hili la njia liangalie mapema, maana kompyuta iliyounganishwa na televisheni kwa HDMI huweza kuamka ikiwa imeipeleka sauti huko. Nikaianzisha upya PipeWire. Kimya.

Nikachomeka earphone. Wimbo ukasikika safi.

Hapo programu, seva, draiva na sehemu kubwa ya kodeki vyote vikatoka kwenye orodha ya washukiwa, kwa sababu sauti ya earphone hupita humohumo. Kilichobaki ni kipande kifupi cha njia kinachoelekea kwenye spika, na amplifaya yake.

Kwa nini kipande hicho kisahauliwe? Kanuni za kulala kwa kompyuta zimo katika ACPI, waraka uliotolewa na Intel, Microsoft na Toshiba mwezi Desemba 1996. Katika usingizi unaoitwa S3, RAM huendelea kulishwa umeme pamoja na saketi chache za kuamshia. Vingine karibu vyote hukatiwa. Kompyuta ikiamka, keneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, inakumbuka kila kitu kwa sababu kumbukumbu zake ziko kwenye RAM. Kodeki haikumbuki chochote. Ni kazi ya draiva kuirudishia mipangilio yake mmoja mmoja, na ule ambao draiva haiujui haurudi. Kuwasha upya ni habari nyingine: hapo BIOS hupita kwanza na kuyapanga mambo ambayo draiva haikuwahi kujua kwamba yalihitaji kupangwa.

Kwa bahati nzuri, mfumo wa High Definition Audio, ambao Intel iliutoa mwaka 2004, hauifichi hali yake. Kodeki hujieleza kama mkusanyiko wa nodi zenye namba, na kwenye Linux unaweza kuzisoma zote kama maandishi katika faili la /proc/asound/card0/codec#0. Nikalihifadhi faili hilo mashine ikiwa bubu. Nikaiwasha upya, nikahakikisha spika zinalia, nikalihifadhi tena. Kisha nikayalinganisha mafaili hayo mawili kwa amri ya diff.

Mistari iliyotofautiana ilikuwa michache, na mmoja ulitosha. Kwenye nodi 0x14, mlango wa spika katika kodeki ile, faili la mashine nzima lilisema EAPD 0x2, na la mashine bubu EAPD 0x0. EAPD ni swichi inayowasha na kuzima amplifaya ya nje ya kodeki. Laptop ilikuwa inaamka, inatuma muziki mpaka mlangoni kwa spika, na amplifaya imezimwa.

Nikailaza, nikaiamsha, ikawa bubu tena kama ilivyotarajiwa. Nikatuma amri moja kwa kutumia programu ya hda-verb: nodi 0x14, kitendo 0x70c, thamani 2. Spika zikalia papo hapo.

Kosa langu lilifuata hapo. Niliiweka amri hiyo kwenye skripti inayoendeshwa na systemd kila mashine inapoamka, nikaaga. Jioni mwalimu akanipigia: sauti ipo asubuhi, lakini akinyamaza kidogo na kurudi, haipo. Sikuwa nimefikiria kwamba kodeki ina usingizi wake mdogo. Ili kuokoa betri, draiva huizima baada ya sekunde chache za ukimya, na amri iliyotumwa kwa mkono haimo katika yale inayoyarudisha. Kuuzima usingizi huo, kwa kuiweka power_save kuwa 0, kungeficha tatizo na kula betri, na usingizi ule mkubwa ungebaki unahitaji skripti. Dawa sahihi ilikuwa kuifundisha draiva yenyewe. Moduli ya snd-hda-intel hukubali faili dogo la nyongeza linaloorodhesha amri za kuanzia, na amri hizo hutekelezwa kila kodeki inapoamka, iwe imelala usiku kucha au sekunde kumi. Nikaiandika amri ileile humo, nikaifuta skripti.

Wanaotumia Windows wana mtego wao. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, pale Fast Startup inapokuwa imewashwa, kuzima kwa kawaida hakuanzishi mambo upya: hali ya keneli huhifadhiwa kwenye diski, ikarudishwa asubuhi pamoja na kasoro zake. Mtu hukuapia kwamba amezima na kuwasha na sauti haikurudi, na anasema kweli. Achague Restart, ndiyo inayoanza upya kabisa. Kabla ya hapo ajaribu kuanzisha upya huduma ya Windows Audio, kisha aizime na kuiwasha kadi ya sauti kwenye Device Manager. La pili likiponya na la kwanza lisiponye, tatizo liko kwenye draiva au chini yake.

Draiva ya Linux ina jedwali la mashine zenye upekee unaojulikana, kila moja kwa namba yake ya utambulisho. Laptop ya mwalimu haikuwemo. Niliwaandikia wanaoitunza draiva, nikaambatanisha mafaili yote mawili na namba ya mashine. Faili la nyongeza linabaki kwenye diski yake mpaka siku keneli itakayoijua mashine hiyo itakapomfikia, na siku hiyo nitakwenda kuliondoa mwenyewe.