Ustadi wa Kulizuia Jibu

Kila likizo ndefu ya Juni hadi Agosti, vyuo vikuu na majumba kadhaa ya makumbusho nchini Marekani huendesha kambi za kutwa kwa watoto wa miaka 11 hadi 14. Mtoto hufika asubuhi na chakula chake, jioni hurudi kwao. Baadhi ya kambi hizo hufundisha anthropolojia, yaani elimu ya binadamu kwa mapana yake: mifupa yake, vitu alivyoviacha ardhini, lugha zake na mila zake. Ninawaheshimu sana walimu wa kambi hizo kwa ustadi mmoja usioonekana kwa haraka. Wanajua kulizuia jibu mpaka mtoto alifikie mwenyewe.

Tazama somo la mafuvu. Mezani kuna nakala tatu za plasta: fuvu la sokwe, la zamadamu (kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu) na la mtu wa leo. Watoto wanataka kuambiwa lipi ni la nani. Mwalimu anawaambia wayapindue, watafute tundu kubwa linalopitisha uti wa mgongo, kisha wapime kwa rula limekaa wapi. La sokwe limesogea nyuma. La mtu liko chini, karibu na katikati. Sasa mwalimu anauliza: kiumbe mwenye tundu chini ya kichwa alitembeaje? Watoto wanasimama, wanainama, wanashika visogo vyao, wanabishana. Mmoja anagundua kwamba kichwa kilichokaa juu ya uti wa mgongo ni cha aliyetembea wima. Ndipo wanaligeukia fuvu la zamadamu: ubongo mdogo, lakini tundu liko chini.

Hoja hiyo ndiyo aliyoijenga Raymond Dart kule Johannesburg alipochunguza fuvu la mtoto lililotoka Taung, akalitangaza mwaka 1925. Wataalamu wengi wa Ulaya walimpinga kwa miaka mingi, maana waliamini kwamba ubongo mkubwa ndio uliotangulia. Mwalimu angeweza kulisimulia hilo kwa dakika mbili tu. Anawaacha watoto wapime kwanza, na jina la Dart linapotajwa, tayari wanaijua kazi yake kwa mikono yao.

Ufundi huo unaonekana zaidi kwenye shimo la mafunzo. Kabla watoto hawajafika, mwalimu amekwisha kulipanga tabaka kwa tabaka: chini vigae na makaa, juu yake mchanga mtupu, juu kabisa vizibo vya soda. Kila kitu kimefukiwa kwa mpangilio unaosomeka. Uwanja unagawanywa kwa uzi katika miraba ya mita moja, na mwiko wa mwashi unatumika kukwangua udongo kidogo kidogo. Ukingo wa kigae ukichomoza, mkono wa mtoto huwashwa na hamu ya kukivuta. Hapo husikika agizo linalorudiwa kutwa nzima: kiache hapo hapo. Kwanza brashi, kisha kina, umbali kutoka pande mbili za mraba, mchoro na picha. Ndipo kitolewe, na udongo wake upite kwenye chekeche. Kigae kilichong'olewa bila kupimwa hubaki kigae tu. Kikipimwa pamoja na makaa na mfupa wa kuku uliokuwa kando yake, huwa ushahidi kwamba hapo palipikwa.

Subira hiyo ndiyo iliyompa sifa Mkenya Kamoya Kimeu. Mwaka 1984, kule Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana, aliona kipande kidogo cha fuvu kati ya kokoto. Ufukuaji uliofuata, uliochukua misimu kadhaa, ulitoa sehemu kubwa ya mifupa ya mvulana aliyeishi miaka ipatayo milioni 1.5 iliyopita.

Subira hiyo hiyo hutumika kwa watu walio hai: wakati wa chakula cha mchana, watoto huwatazama wenzao, na daftari hugawanywa safu mbili: nilichokiona, ninachodhani. "Amekaa peke yake" huandikwa safu ya kwanza, "hana marafiki" safu ya pili. Wengi hushangaa kuona safu ya pili ilivyojaa upesi. Baada ya hapo huenda kuwauliza wahusika, na dhana nyingi hufutwa.

Kulizuia jibu kunamtaka mwalimu ajue mengi. Lazima aone mapema mtoto atakosea wapi, achague kitu kitakachomsahihisha, na awe na swali la kumsogeza hatua moja tu. Asiyelimudu somo hukimbilia kutaja majina na miaka.

Kambi hizo ziko Marekani, lakini mtoto wa Arusha au Lodwar ndiye aliye jirani na Bonde la Olduvai na Ziwa Turkana, mahali ambako ushahidi wa aina hii umefukuliwa. Uzi, mwiko, rula na wavu wa chekeche vinapatikana katika duka la vifaa vya ujenzi. Linalotaka miaka ni kumlea mwalimu awezaye kungoja, na shule zetu zingefanya vyema kuanza kumlea sasa, kwa heshima ile ile tunayompa fundi aliyebobea.