Kukariri Si Kujua

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alitoa kitabu juu ya kumbukumbu ya binadamu. Alijipima mwenyewe: alikariri orodha za silabi zisizo na maana, kisha akapima kilichobaki. Baada ya saa moja, zaidi ya nusu ya jasho lake lilikuwa limepotea bure.

Kitabu hicho nakiheshimu, ila kwa muda mrefu nilikuwa na ugomvi nacho. Silabi zisizo na maana zinamhusu nini mwalimu wa wauguzi?

Jibu nililipata Kibiti. Nilimwuliza mwanafunzi wa ukunga, binti wa huko delta, hatua za kuzuia damu baada ya mama kujifungua. Alizitaja zote kwa Kiingereza, neno kwa neno. Nikasema, "Haya mwanangu, mama yuko mbele yako, damu inamwagika. Unaanza na nini?" Akanyamaza, kisha akajibu kwa adabu: "Mwalimu, hapo hukutuandikia."

Kwake maneno yangu yalikuwa silabi za Ebbinghaus. Kosa lilikuwa langu. Mimi niliandika ubaoni, yeye akanakili, nasi sote tukaita hiyo elimu.

Mwaka 2006 Wamarekani Roediger na Karpicke waliwapima wanafunzi wa chuo kikuu. Waliorudia kusoma makala walikumbuka zaidi baada ya dakika 5. Lakini baada ya wiki 1 walishindwa na wale waliojilazimisha kukumbuka bila kutazama. Haba na haba hujaza kibaba, mradi kibaba chenyewe kifunguliwe mara kwa mara.

Hata hivyo, utafiti huo nao una upungufu. Kusoma makala katika chumba tulivu si sawa na kushika mkono wa mama anayepoteza damu. Hofu haikupimwa, wala lugha ngeni. Kwa hiyo siku hizi nafunga madaftari. Nauliza kwa Kiswahili kwanza, leo, kesho, na mwezi ujao: sindano ya oksitosini uniti 10 unaichoma lini? Mfuko wa uzazi unaukanda vipi? Onyesha kwa mikono.

Msomaji, katika delta ya Rufiji maji yakipwa mashua hukwama kwenye tope la mikoko, na mgonjwa husubiri maji yajae. Damu haisubiri. Saa hiyo mkunga hana daftari. Ana kile tu tulichomzoeza kukikumbuka.